Strengthening Families Program 10–14: wiki saba za mzazi na mtoto, na pale zinapoharibika

Shirika, shule au nyumba ya ibada inayotafuta programu ya kuwakinga vijana na pombe, sigara na dawa za kulevya mara nyingi huletewa mihadhara: picha za mapafu yaliyooza, ushuhuda wa mraibu aliyepona, polisi na onyo lake. Watoto husikiliza kwa makini, kisha wanarudi katika nyumba ambayo hakuna kilichobadilika. Strengthening Families Program 10–14 (yaani programu ya kuimarisha familia) inaanzia hapo nyumbani, na kwa sababu hiyo inastahili kupimwa kwa uangalifu kuliko nyingine nyingi.

Mzizi wake ni kazi ya Karol Kumpfer katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, miaka ya 1980. Programu ya kwanza ilikuwa na vipindi 14 na iliwalenga watoto wadogo ambao wazazi wao walikuwa kwenye matibabu ya uraibu. Miaka ya 1990, Virginia Molgaard na wenzake wa Iowa State University waliitengeneza upya kwa ajili ya familia yoyote yenye mtoto wa miaka 10 hadi 14, wengi wao wakiwa bado hawajaanza kunywa wala kuvuta. Toleo hili lina vipindi saba vya saa mbili, kimoja kila wiki, na vinne vya nyongeza miezi kadhaa baadaye.

Ubora wake uko katika mpangilio wa saa hizo mbili. Saa ya kwanza wazazi wanakaa chumba chao na mwezeshaji mmoja, watoto chumba chao na wawezeshaji wawili. Saa ya pili wote wanakutana, na wawezeshaji watatu wanazunguka kati ya familia. Kila mada inafundishwa pande zote mbili kabla ya kukutana. Wiki ambayo wazazi wanajifunza kutunga kanuni za nyumbani, watoto wanajifunza kuwathamini wazazi wao na kuona mizigo waliyobeba. Wanapokaa pamoja hakuna anayeanzia sifuri.

Fundisho la wazazi linaitwa upendo na mipaka, na linashuka hadi kwenye matendo. Mzazi anafundishwa kusema kosa bila kumtukana mtoto: "Ninapata wasiwasi unapochelewa bila kunijulisha, kwa kuwa sijui kama uko salama." Anafundishwa kuchagua adhabu ndogo anayoweza kuitekeleza leo, kama kumnyima mtoto simu kwa jioni moja, badala ya tishio la mwezi mzima ambalo siku ya tatu litakuwa limesahaulika. Kwa upande wa watoto, vipindi viwili vinahusu shinikizo la rika. Wanafanya mazoezi kwa kuigiza: uliza maswali ujue unaingizwa kwenye nini, litaje tatizo kwa jina lake, sema litakaloweza kutokea, pendekeza jambo jingine la kufanya, kisha ondoka huku ukimwachia mwenzako nafasi ya kukufuata. Hatua hiyo ya mwisho ina maana kubwa. Mtoto wa miaka 12 haogopi madhara ya bangi kama anavyoogopa kubaki peke yake, na mbinu ya kukataa isiyolinda urafiki haitatumika nje ya chumba cha mafunzo.

Ushahidi wake wa awali ni mzuri. Jaribio lililoongozwa na Richard Spoth katika shule 33 za vijijini Iowa liliwafuatilia vijana hadi mwisho wa sekondari, na waliopitia programu walichelewa kuanza pombe, sigara na bangi kuliko wenzao. Hata hivyo majaribio makubwa ya Wales, Poland na Sweden hayakuona tofauti ya maana. Mnunuzi lazima aambiwe hilo kabla ya kulipa. Sweden mfumo ulibadilishwa hivi kwamba wazazi na watoto walikutana pamoja mara chache tu, na kwangu huko ni kuiondoa injini. Wales na Poland hazina maelezo mepesi namna hiyo. Huenda familia za huko tayari zilikuwa na huduma nyingine za kutosha, au tabia za unywaji zinazowazunguka watoto zilikuwa na nguvu kuliko saa 14 za mafunzo.

Udhaifu unaoumiza zaidi ni mahudhurio. Katika mradi wa PROSPER, uliopeleka programu hii katika jamii za Iowa na Pennsylvania kupitia kamati za jamii zilizojipanga vizuri, takriban 17% tu ya familia zilizoalikwa zilifika walau kipindi kimoja. Barua ya shule haimleti mzazi anayetoka kazini usiku. Kinachomleta ni chakula kabla ya kipindi, mtu wa kuwaangalia wadogo zake mtoto, nauli, na mwaliko wa mdomo kutoka kwa mzazi mwingine anayemwamini. Gharama hizo ziingie kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa sababu zikiachwa mtabaki na wawezeshaji watatu na familia nne, ilhali kikundi kinafanya kazi vizuri kikiwa na familia 8 hadi 12. Jambo la kutia moyo ni kwamba uchambuzi wa mradi huo uliona faida ikiwafikia pia vijana wasiohudhuria, kupitia marafiki waliohudhuria.

Saa ya wazazi huendeshwa kwa video, nazo zimepangiwa muda wa majadiliano ndani yake. Mwezeshaji anayezisimamisha kila mara ili aongeze maelezo yake hula dakika za saa ya pili, na hapo ndipo kikao cha familia kinapokatwa. Kutafsiri maneno peke yake pia hakutoshi: maigizo yenye nyumba na malumbano ya Marekani huwafanya wazazi wa kwingine waseme hayo si yetu. Yarekodini upya na watu wa kwenu, ila msiguse mfuatano wa mada.

Familia ambayo mzazi au kijana tayari ana uraibu haitapona hapa. Kipindi cha saba cha wazazi kinahusu kutafuta msaada, kwa hiyo andaeni mapema orodha ya kliniki na washauri wanaopokea wagonjwa kweli. Wala programu hii haigusi pombe inayouzwa kwa bei ya chini karibu na lango la shule. Kodi, umri wa kununua na saa za kuuza ni kazi ya sera, na halmashauri inayolipia wiki saba huku ikitoa leseni ovyo inabomoa inachojenga.

Ninaipendekeza kwa jamii yenye wawezeshaji watatu waliofunzwa pamoja na fedha za mizunguko kadhaa. Kama fedha ni za mzunguko mmoja, pangeni tarehe za vipindi vinne vya nyongeza na kuvilipia kabla ya kipindi cha kwanza kuanza. Ndivyo vinavyoachwa mara nyingi, na vinakuja wakati mtoto amekua na ameanza kukutana na chupa ya kwanza.