5/3/1 ya Jim Wendler kwa kijana wa futiboli ya sekondari, baada ya mizunguko minne

Wazazi wenzangu mlioko huku Marekani na watoto wenu wameshavutwa na hii futiboli ya helmeti, hii naandika kwa ajili yenu kuhusu 5/3/1, programu ya kubeba chuma aliyoitunga Jim Wendler, maana ningeisoma mimi mwaka jana ningeokoa hela na ningemuokoa kijana wangu na maumivu.

Mwanangu yuko darasa la kumi hapa Houston, anacheza laini ya mbele, pale wanaposukumana. Msimu ulipoisha Novemba nikafanya kama walivyofanya wazazi wengine, nikalipia jimu moja ya binafsi wiki nane, kila Ijumaa watoto wanashindanishwa nani kabeba uzito mkubwa zaidi, muziki juu, kelele tupu. Wiki ya tano kijana akarudi nyumbani kashika kiuno, anainama kuvaa soksi anakunja uso. Nikaomba nione video alizorekodiwa. Jamani. Anashuka kwenye skwati, kule kuchuchumaa na chuma mabegani, hafiki hata nusu, magoti yanaingia ndani, mgongo umejikunja, na kochi yuko pembeni anapiga makofi. Nikamtoa siku hiyo hiyo, tukaenda kwa daktari, akakaa wiki tatu hagusi chuma.

Tulivyorudi tulianza chini kabisa, chuma kitupu cha paundi 45, kama kilo 20 hivi. Tulifuata Starting Strength, programu ya wanaoanza ya kochi Mark Rippetoe wa Wichita Falls, huku huku Texas, siku tatu kwa wiki, skwati seti 3 za mara 5, na kila ukirudi unaongeza paundi 5. Kwa mtoto anayeanza sijaona kitu rahisi kama hiki, ilimnyoosha mkao na ikampa msingi, ila mwisho wa Machi uzito ukagoma kupanda, kila siku anakwama palepale, ndo tukahamia 5/3/1.

Inavyofanya kazi ni hivi. Unachukua uzito wako wa juu kabisa, ule unaoweza kuubeba mara moja tu, unakata asilimia 10, hesabu zote zinapigwa kwenye ile 90 iliyobaki. Wiki ya kwanza unapiga mara tano tano kwa asilimia 65, 75 na 85, ya pili mara tatu tatu kwa 70, 80 na 90, ya tatu unaenda 75 mara tano, 85 mara tatu, 95 mara moja, na ile seti ya mwisho kwenye hizo wiki tatu unapiga nyingi uwezavyo kwa mkao mzuri. Wiki ya nne ni nyepesi, mwili upumzike. Mzunguko mpya ukianza unaongeza paundi 10 kwenye skwati na dedilifti (kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi usimame), 5 kwenye benchi (kulala chali na kusukuma chuma juu) na ile ya kusukuma juu ya kichwa. Basi.

Kijana wangu alikuwa anabeba paundi 275 kwenye skwati, tukafanyia hesabu 250, kwa hiyo seti nzito ya wiki ya kwanza ilikuwa 215 tu. Alinuna, akaniambia baba hii ni nyepesi wenzangu watanicheka. Nikamwambia we andika kwenye daftari. Aliandika 215 mara 9. Mzunguko wa nne, Julai, wiki ile ile ya kwanza, akaandika 240 mara 9, anafika chini kabisa, magoti yametulia, kiuno hakimuumi. Nilipoona ule ukurasa nilikaa nao muda kidogo kwa kweli.

Kitu kilichonipa imani ni kwamba Wendler mwenyewe alicheza futiboli Chuo Kikuu cha Arizona na baadae akafundisha vijana wa sekondari kule London, Ohio, kwa hiyo huyu anajua mtoto wa miaka 16 akili yake iko wapi. Anasisitiza pia kukimbia milima, sasa Houston mlima utautoa wapi, sisi tulitumia kingo za bayou, yaani vijito vya hapa, karibu na nyumbani, anapanda mbio anashuka anatembea.

Nimeipa nyota 4. Ile moja nimekata kwa sababu kwenye nyanyuo zake nne kubwa klini (kuvuta chuma haraka kutoka sakafuni hadi mabegani) haimo, na makochi wengi wa shule wanaipima, ikabidi tuiongeze wenyewe siku ya dedilifti kabla hajachoka. Pia mazoezi ya nyongeza amekuachia uchague, na ukimuacha kijana peke yake atapiga mikono tu mbele ya kioo, wangu nilimwekea pul-api (kujivuta juu ukining'inia kwenye bomba) na misuli ya nyuma ya paja lazima.

Na mwongee na kochi wa shule kabla ya yote, shule nyingi hapa wana kipindi cha michezo ndani ya ratiba na wanabeba chuma humo humo, mtoto akifuata programu mbili kwa pamoja atavunjika. Wa kwetu alielewa, zile skwati za shuleni tukazihesabu kama zetu.

Chakula msibane, mayai, maharage, wali, maziwa, huyu wangu anamaliza sufuria.

Ila kama wako yuko darasa la tisa na hajawahi kushika chuma, hii bado. Mwekeni kwenye chuma kitupu kwanza, mrekodini kwa pembeni, na uzito msiongeze mpaka nyonga ishuke chini ya goti na mgongo ubaki umenyooka.