Kipima lakteti cha mkononi wodi ya watoto: kifaa kizuri, kasheshe ni stripu

Ukikiona mezani utadhani ni kipima sukari. Unachoma kidole, stripu inanyonya tone, na ndani ya sekunde zisizozidi 15 namba ipo. Wateja wake wakubwa ni makocha wa wakimbiaji. Sisi tunakitumia chumba cha dharura cha watoto, hospitali ya wilaya huku mkoani Tanga, na nimekaa nacho msimu mzima wa malaria.

Lakteti ni kemikali ya mwilini inayoendana na asidi kwenye damu, nayo hupanda pale viungo vinapokosa oksijeni ya kutosha. Kwenye malaria kali vimelea huziba mishipa midogo, na damu ikipungua juu yake ndiyo balaa. Kawaida huwa chini ya milimoli 2 kwa lita. Mtoto wa malaria akifika 5 na kuendelea, Shirika la Afya Duniani linamhesabu mgonjwa mahututi, na hatari ya kumpoteza imepanda.

Usiku mmoja tuliletewa binti mdogo anahema kwa kina, mbavu zinacheza, barua ya rufaa imeandikwa nimonia. Nikasikiliza mapafu, safi. Oksijeni asilimia 98. HB, yaani wingi wa damu, ikasoma 3.9, chini mno; lakteti 9.6. Kumbe kuhema kule ni mwili unapambana na asidi! Mama yake ananishika mkono, "Sista, mbona anahema hivi?" na mimi nishampigia daktari, damu inafuatwa maabara. Mfuko ulipokwisha nikarudia kupima: 4.3, na mtoto anadai uji.

Hiyo namba ya pili naiamini kuliko ya kwanza. Inayonikosesha usingizi ni ile inayogoma kushuka baada ya damu na artesunati, sindano ya malaria kali. Kwa hiyo anayepima mara moja akaandika kwenye faili na kwenda zake, amechoma stripu bure.

Kina vituko vyake pia. Mtoto aliyetoka kwenye degedege sasa hivi atakupa namba ya kutisha, kisha ishuke yenyewe. Kidole chenye jasho, au kilichokamuliwa kama chungwa, usikiamini; mikono ikiwa ya baridi natoa damu ya mshipa. Halafu namba kubwa ina kishawishi cha kufungulia dripu iende mbio. Utafiti wa FEAST wa mwaka 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu, ulionyesha kuwa kuwamiminia maji kwa kasi kuliongeza vifo. Daktari mgeni akija zamu namwambia hilo kabla hajashika dripu.

Sasa stripu. Moja inakula bei ya stripu kadhaa za sukari, maduka ya kawaida ya vifaa tiba hayana, na tarehe ya kuisha inakuwahi. Joto la pwani nalo halizipendi, zetu tunazihifadhi chumba chenye kiyoyozi pamoja na dawa za famasia.

Bajeti ikiwa finyu, nunua kwanza stripu za sukari, maana sukari ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita unaitibu hapo hapo kitandani. Za HB zifuate. Lakteti iwe ya tatu, na kwa wodi yenye damu ya kuongeza karibu. Kituo kisicho na benki ya damu hakihitaji namba kumpa mtoto rufaa. Macho na saa ya kuhesabia pumzi vinatosha. Kwetu nakipa nyota nne. Ya tano nitaitoa stripu zikishuka bei.