Walitoboa Grini Kiangazi, Kisha Wakanyamaza

Nilidhani hasira ingepoa nikifika nyumbani. Sasa zimepita wiki mbili, pengine tatu, na kila nikiyakumbuka maneno ya yule meneja moyo unanichafuka upya. Klabu hiyo ya gofu sitaitaja, iko pande hizi za Nakuru, na hilo linatosha.

Nilikuwa nimemwalika shemeji yangu kutoka Kisumu, mtu anayeupenda mchezo wa gofu kuliko usingizi, naye akaondoka kwake usiku wa manane ili tuanze mapema. Tulilipa ada kamili ya mashimo 18, na karani akazipokea pesa bila kutuambia lolote. Kwenye shimo la kwanza shemeji aliupiga mpira vizuri ukatua juu ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi laini inayozunguka shimo, lakini alipousukuma kuelekea bendera ukaanza kurukaruka kama panzi. Tulipoinama kutazama, tukakuta grini nzima imetobolewa vijishimo, mchanga mkavu umemwagwa juu bila kusambazwa vizuri, na nyasi za pembeni zimegeuka rangi ya makuti.

Naomba nieleweke: silalamikii kutoboa. Udongo wa grini hushindiliwa na miguu ya watu na mashine za kukatia nyasi mpaka mizizi ikakosa hewa na maji yakapita juu juu, kwa hiyo ni lazima mara kwa mara ung'olewe vipande vyembamba na mchanga ujazwe mahali pake. Lakini hilo ni jeraha, na jeraha la nyasi hupona ikiwa nyasi inakua. Kule Arizona, nchini Marekani, kazi hii hufanywa katikati ya kiangazi cha jangwani kwa sababu nyasi aina ya bermuda hupenda joto kali, mradi mabomba yainyweshe usiku, na vijishimo hujifunga upesi. Kiangazi chetu si kama hicho. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa pili usiku una baridi, mchana upepo unakausha kila kitu, na maji mengi ni ya visima, tena huku Bonde la Ufa maji ya visima mara nyingi huwa na chumvi. Nyasi wakati huo inajitahidi kubaki hai tu. Kuitoboa kisha kuikosesha maji ni sawa na kumpasua mgonjwa na kumwacha na kiu, ilhali mvua za masika zilikuwa zimebakiza wiki chache tu.

Tulirudi ofisini. Meneja, kijana ambaye ningeweza kumzaa, hakunyanyua hata macho kutoka kwenye simu yake. Akasema, "Mama, hiki ni kiangazi. Mkitaka kijani, nendeni Dubai."

Shemeji aliangalia chini. Mgeni wangu, ambaye nilimsifia uwanja ule mwaka mzima, aliona aibu kwa niaba yangu.

Na Dubai yenyewe ingemfundisha meneja huyo mengi. Uwanja wa Majlis wa Emirates Golf Club ulifunguliwa 1988 ukiwa wa kwanza Mashariki ya Kati kuoteshwa nyasi kote, juu ya mchanga mtupu, na umedumu kwa sababu wapo watu wanaoushughulikia kila siku. Kule Palm Springs, California, viwanja vinapofungwa wakati wa vuli ili kupandwa nyasi za msimu wa baridi, wachezaji hutangaziwa mapema, na katika miezi ya joto ada hushushwa sana. Huku kwetu hata kikaratasi kimoja hakikubandikwa mlangoni.

Hata hivyo tuliendelea kucheza, na kwenye shimo la saba nikamkuta mzee mmoja ameshika mpira wa maji, akinywesha kwa mkono sehemu zilizokauka. Aliyazima maji, akatusubiri tumalize, kisha akasema, "Poleni, mama. Pampu imeungua, na mashine ya kutoboa ilikuwa ya kukodi, ikabidi itumike kabla ya kurudishwa." Huanza kazi saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa maji ya mchana hupotea kwa jua na ya jioni huziacha nyasi zikilala na unyevu unaoleta kuvu. Grini yake ilikuwa hai. Mchanga ulikuwa umesambazwa ukakaa sawa, na ncha za kijani zilikuwa zikichungulia vijishimoni. Kama ningeandika jioni ileile, ningewaambia nendeni, kwa ajili ya mzee yule.

Lakini kadiri ninavyofikiri ndivyo ninavyoghadhibika. Meneja alishindwa nini kusema, "Pole mama, pampu imeungua"? Ningelipa bila kudai hata shilingi irudishwe. Kwa hiyo nasema msiende, walau mpaka mvua zinyeshe wiki kadhaa. Na ukiamua kwenda, uliza habari za grini kabla hujafungua pochi.

Juzi shemeji alinipigia kuuliza kama grini ya saba imeshajifunga. Nikapiga simu klabuni kuulizia. Iliita mpaka ikakatika.