Dodge Dart 270 ya 1968: miaka 8 na gari ya bibi

Nikisikia watu wanakumbushia magari ya kimarekani ya zamani huwa ni Mustang, Camaro, Charger, basi, utadhani enzi zile Marekani nzima ilikua inatembelea V8 ya milango miwili. Mi niliyowahi kumiliki ilikua Dodge Dart 270 ya 1968, milango minne, silinda sita, rangi ya bluu iliyopauka kama khanga ya kushindia, gari ya bibi kabisa. Na kiukweli ilikua ya bibi.

Mwaka 2009 nilienda kwa mama mmoja mtu mzima hapa Columbus, Ohio, kununua kochi. Alikua anahama anauza kila kitu, kochi lenyewe likanishinda bei, wakati natoka nikapitia gereji yake nikaiona imefunikwa shuka la maua. Nikamuomba nifungue boneti, sio kwamba nilikua na hela, umbea tu. Boneti inapanda naona injini imelala. Haijasimama wima kama injini za watu, imeegemea upande wa abiria kama mtu anayesinzia kwenye daladala. Nikasema hee, hii si injini ya baba!

Manake baba alikua na Peugeot 404 pale Tanga na 404 nayo injini imelala, tena yenyewe nyuzi 45, ya Dart ni 30. Kama umekulia kwenye nyumba yenye 404 Tanzania basi habari za Bert Shankland umelishwa pamoja na uji, yule jamaa wa Tanzania aliyechukua mbio za magari za East African Safari mara mbili mfululizo na 404, 1966 na 1967, baba alikua anaturudishia hadithi ile kila Pasaka kama vile yeye ndo alikua amekaa pembeni anasoma ramani. Sasa nimevuka bahari nzima nakuta Mmarekani naye alilaza injini yake kipindi kile kile, model ya 1960. Nikampa yule mama dola 2,400 ambazo zilikua na kazi zingine kabisa. Mke wangu alipopiga simu kuuliza kochi nimepata, nikamwambia nimepata, tena la watu sita. Sikudanganya, Dart ina siti ndefu mbele na nyuma, watatu watatu.

Haya, gari yenyewe ikoje. Injini ni inchi za ujazo 225, kama lita 3.7 hivi, wenyewe wanaiita Slant Six. Waliilaza ili boneti ikae chini na pampu ya maji ipate nafasi pembeni, injini ikawa fupi. Kwenye karatasi ni farasi 145 lakini hizo ni farasi za zamani, walikua wanapima injini iko yenyewe haijabebeshwa vikorokoro, kwa hiyo barabarani usizitafute zote. Ukitoka kwenye taa Corolla ya mwanafunzi inakuacha vizuri tu. Ila ukiiweka maili 55 kwenye US 33 unaelekea Logan, vioo vyote chini, inatembea kama haina habari na mtu, na hapo ndo raha yake yote ilipo. Kwenye I-71 usijaribu kushindana, malori yatakupigia honi mpaka uombe radhi.

Gia ni otomatiki, tatu, mkono uko kwenye usukani. Miaka 8 sikuwahi kuifungua, nabadilisha oili na filta basi. Hapo niwape nyota zote.

Asubuhi unakanyaga mafuta mara moja choki (kile kibati kinachobana hewa injini ikiwa ya baridi) ijifunge, unazungusha ufunguo, unasikia stata. Sijui niielezeeje hiyo sauti. Stata yake ina gia ndani kwa hiyo haiungurumi kama zingine, inalia nyang-nyang-nyang-nyang kama mtoto anayelilia andazi, afu ghafla kimya, injini imeshawaka na hata huisikii. Kuna mzee wa jirani Mmarekani, mara ya kwanza kuisikia alitoka nje na kikombe cha kahawa mkononi hajavaa viatu, akasimama tu pale kwenye majani anaiangalia. Akasema mama yake alikua nayo. Hakuongeza neno, akarudi ndani.

Breki ndo sehemu ya kusali. Dramu magurudumu yote manne, hamna busta ya kukusaidia kukanyaga, mguu wako ndo busta. Kukiwa kukavu inasimama sawa, ila ukipita kwenye dimbwi zinaingia maji na gari inavuta upande mmoja kama mbuzi anayeburutwa mnadani. Nilijifunza nikitoka kwenye maji nakanyaga breki kidogo kidogo huku natembea mpaka zikauke. Taa za full unawasha na kushusha kwa mguu wa kushoto, kuna kitufe sakafuni. Mafuta nilikua napata kama maili 18 kwa galoni, yani lita 13 kwa kilomita 100, kwa gari ya umri ule sina neno.

Sasa nije kwenye machungu. Disemba moja natoka shifti ya usiku, theluji, saa nane za usiku. Napiga stata, inawaka, naachia ufunguo, inazima. Napiga tena, inawaka, naachia, inazima. Ukiwa umeshika ufunguo iko hai, ukiachia tu imekufa, nikasema hapa nimerogwa mpaka Ohio. Nilikaa pale karibu saa nzima vidole vimekufa ganzi. Kumbe kuna kikauri cheupe, urefu kama kidole, kimefungwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, kazi yake ni kupunguza umeme unaoenda kwenye koili inayowasha plagi. Ukiwa unapiga stata umeme unakizunguka unaenda moja kwa moja, ukiachia ufunguo unarudi kupita kwenye kikauri, na changu kilikua kimekatika. Kitu chenyewe bei ya chai na sambusa! Wenye gari hizi wote wanatembea na spea kwenye droo ya dashibodi, mi ndo nilikua sijaambiwa.

La pili ni nati za tairi na hili lilinigharimu. Magari ya Chrysler, ndo wenye Dodge, mpaka model ya 1970, nati za upande wa kushoto zinafunguka kinyume, na Marekani kushoto ndo kwa dereva. Upande wa abiria unafungua kama kawaida, upande wa dereva unazungusha kama unakaza ndo inafunguka. Walikua wanaamini tairi ikizunguka inaweza kulegeza nati, kwa hiyo wakageuza. Sikujua. Nikaipeleka kubadilisha matairi kwenye duka moja, kijana akaja na bunduki yake ya upepo, kulia zikatoka vizuri, akahamia kushoto. Ya kwanza ikagoma, akaongeza nguvu. Pa! Stadi, ile boliti inayoshika nati, imekatika. Akajaribu ya pili. Pa! Mi nimesimama pale nakunywa soda, najua yeye ndo fundi. Baada ya mzee mmoja aliyekua anasubiri gari yake kutuonyesha herufi L ndogo kwenye kichwa cha stadi tukabaki tunaangaliana. Mbili zilishaenda.

Kutu siwezi kuilaumu gari, ni chumvi wanayomwaga barabarani kila baridi. Mwaka wa tatu nilinyanyua kapeti upande wa dereva nikaona sakafu ya gereji. Yani naiona, na sarafu iliyodondoka chini. Nikakata, nikachomelea bati, kazi ya wikiendi nne, na kuanzia hapo Novemba ikifika inalala mpaka Aprili.

Lakini kuna Jumamosi moja nitaisimulia mpaka nizeeke. Injini hii tapeti zake, yani nafasi za valvu, unaziset mwenyewe kwa fila, kile kibati chembamba cha kupimia, valvu za ingizo sehemu 10 za elfu za inchi, za ekzosi sehemu 20, na kitabu kinasema uset injini ikiwa ya moto na inawaka. Inawaka! Umefungua kifuniko cha juu, roka, vile vyuma vinavyobonyeza valvu, zinacheza mbele ya pua yako, oili inakurukia mkononi ya moto kama mafuta ya kukaangia, na wewe unatakiwa upenyeze fila katikati ya chuma kinachopiga. Nikampigia baba Tanga.

Shikamoo baba. Marahaba, habari za huko. Nikamueleza. Akasema acha utani, tapeti zinasetiwa injini ya baridi, mimi nimeset za 404 miaka yote. Nikamwambia baba hii ndo kitabu kinavyosema. Akanyamaza kidogo, afu akasema hebu sogeza simu. Nikaiweka juu ya fenda, injini inaunguruma taratibu, taka-taka-taka. Dakika nzima hamna anayeongea, vocha inaungua. Afu nasikia, "Kuna moja imelegea, inagonga peke yake." Nikapita moja moja, kweli, ekzosi ya silinda ya tano fila ilikua inaingia na nafasi inabaki. Nikakaza kidogo, sauti ikatulia. Baba akasema, "Eeeh, hapo." Na akakata simu bila kuaga, najua alitoka kwenda kuwasimulia wenzie kijiweni kwamba ametengeneza gari Marekani. Alifariki 2014 na hiyo simu ndo naikumbuka kuliko zote.

Kiangazi huku watu wanakutanisha magari ya kale wikiendi kwenye maegesho ya maduka, wanakunjua viti wanakaa nyuma ya gari zao kama wauza samaki. Mara ya kwanza niliona aibu, Dart yangu kati ya Chevrolet Chevelle zilizopigwa rangi mpaka unajiona. Kumbe wanaosimama muda mrefu walikua kwangu. Chevelle wanapiga picha wanaondoka. Kwenye Dart mtu anaegemea mlango, anaanza, nilijifunzia kuendesha kwenye hii, tulienda nayo Florida watoto watano hatukua na AC, shangazi aliigonga kwenye mti ikaendelea. Kuna mmoja alikua na Impala ya 1965, mwaka ambao Chevrolet ilitengeneza Impala zaidi ya milioni, akaniambia nani sasa anakumbuka ya kwake ilikua ipi, zilikua zimejaa kama njiwa. Ndo hapo nikaelewa, wanaojisifia walichokua wanakitamani ni wengi, ila waliomiliki kweli walimiliki hizi za kwendea kazini. Mwingine mkono wake ulienda wenyewe kwenye kitasa akabonyeza, kabla hajaniomba ruhusa alikua ameshakaa ndani. Nilimuacha.

Kwa anayetaka kununua, kwanza nyanyua kapeti kabla hujamsikiliza muuzaji, afu lala chini uangalie pale vile vyuma viwili virefu vya mbele vinapoishia, manake Dart mbele haina springi za kuzunguka, inabebwa na vyuma vinavyojisokota, na pakiliwa na kutu pale achana nayo, hata kama inawaka kwa mara moja. Kama breki zinakutisha tafuta za kuanzia 1973 zenye diski mbele, zilitengenezwa mpaka 1976. Spea za injini zinapatikana na ni rahisi, vitu vya bodi ndo utatafuta mpaka uchoke. Na ile Dart ya 2013 ni jina tu, hamna undugu. Mi naipa nyota nne, ya tano imebaki kwenye lile dimbwi.

Niliiuza 2017, tulihamia nyumba isiyo na gereji na mtoto wa pili alikua njiani, sikutaka iliwe na chumvi nikiangalia. Nilimuuzia kijana mmoja mpole, dola 4,300, nikampa na spea za kikauri mbili, na nati nikamueleza mara tatu, nikamuandikia mpaka kwenye karatasi nikaibandika ndani ya buti.

Jumapili moja, imepita kama miaka miwili, simu inaita. Yuko pembeni ya barabara, ana pancha, spana imeshaanza kupinda, nati hazitoki. Nikamuuliza upande gani. Akasema wa dereva. Nikamwambia kijana, zungusha kama unakaza. Akasema hapana mzee, nataka kufungua. Nikamwambia najua, kaza. Kimya, afu nikasikia kwenye simu kile chuma kinalia, kriiii, kinaachia.