Mabanda ya mbwa ya mafundi wa Tabora: mbao safi, paa lisilofunguka

Kwa mtu wa Tabora anayefuga mbwa wa nje, banda la kuagiza kwa seremala ndilo chaguo la kwanza. Mbao nzuri zipo, ufundi upo, na likitunzwa linaweza kuhudumia mbwa wawili kwa zamu ya maisha yao. Kasoro yake kubwa ni moja, na utaikuta karibu kila karakana: paa linapigiliwa misumari moja kwa moja. Halifunguki. Mwenye mbwa anabaki kuingiza ufagio na mkono mlangoni, na kona za nyuma hazifikiwi mpaka banda livunjwe. Hilo si jambo la usafi tu. Kupe wanaomletea mbwa wa nje maradhi hujificha ndani ya banda lake, si mwilini mwake tu.

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo fundi anahitaji kuelekezwa. Fundi huuliza kama mbwa ni mkubwa au mdogo, kisha anakata kwa macho, na mara nyingi banda linatoka kubwa mno. Mnunuzi anafurahi kwamba amepata mbao nyingi. Mbwa analipasha banda joto kwa mwili wake mwenyewe, na likizidi ukubwa, usiku wa Juni na Julai atalala amejikunja akitetemeka. Mbwa wa kienyeji mwenye kimo cha sentimita 45 hadi 50 mabegani anatoshwa na nafasi ya ndani ya urefu wa sentimita 90, upana wa 60, kimo cha 65 mbele na 55 nyuma. Mlango uwe na upana wa sentimita 30 na kimo cha 40. Mbwa huinamisha kichwa akiingia, hahitaji kupita wima. Chini ya mlango kiachwe kizingiti cha sentimita 10 ili matandiko yasimwagike nje. Kwa mbwa mkubwa mwenye damu ya Kijerumani (German Shepherd), agiza urefu wa 115, upana wa 75, kimo cha 80 mbele, na mlango wa 38 kwa 55. Mtoto wa mbwa mnunulie banda la ukubwa wake wa baadaye, ulizibe nusu kwa ubao wa kuchomoa.

Mlango uwekwe pembeni mwa ukuta wa mbele, usiwe katikati. Mafundi hupenda katikati kwa sababu unapendeza kwa macho, lakini ukiwa katikati mvua na upepo vinampiga mbwa popote alalapo. Ukiwa pembeni, upande wa pili unabaki kona tulivu.

Kuhusu mbao, hapa Tabora tuna bahati. Mninga ukiwa umekauka vizuri haujipindi ovyo, na kiini chake, ile sehemu ya rangi ya hudhurungi, mchwa hawaupendi. Shida ni ile sehemu nyeupe ya pembeni mwa gogo. Hiyo mchwa wanaila kama mbao nyingine yoyote, na kwenye banda la mbwa ndiyo hutumika sana, kwa sababu vipande vizuri vimekwenda kwenye vitanda na milango. Kagua miguu na fremu ya chini kwanza: ukiona michirizi myeupe, kataa. Kuta za juu zikiwa na weupe kidogo si neno. Mpaini ni wa bei nafuu na mwepesi kubeba, unafaa kwa kuta na sakafu, lakini miguu ya mpaini iliyogusa udongo ni chakula cha mchwa.

Kosa la pili ni kutumia mbao mbichi. Banda likinunuliwa Machi linaonekana limebana kila mahali, lakini ikifika Agosti mbao zimesinyaa na kati ya ubao na ubao kidole kidogo kinagusa mwanga. Mbao mbichi utaitambua kwa uzito, kwa ubaridi ukiweka kiganja, na kwa nyuzi zinazonyanyuka baada ya randa. Kama huwezi kusubiri zikauke, mwambie fundi apange mbao za kuta kwa kupandishana kama vigae, ya juu ikiifunika ya chini kwa sentimita 2, ili zikisinyaa mwanya usitokee.

Mwanya ndio nyumba ya kupe, na hapa inafaa kukaa kidogo. Kupe wa kahawia wa mbwa hahitaji ng'ombe wala majani ya porini ili azaliane. Mbwa na banda vinamtosha. Jike likishiba damu linashuka, linapanda ukutani, linajibanza kwenye ufa na kutaga mayai kwa maelfu. Wakianguliwa, kila hatua ya maisha yao wanampanda mbwa, wananyonya, wanashuka tena kujibadili katika nyufa zilezile. Ndiyo maana mtu anamwogesha mbwa dawa leo, na baada ya wiki mbili masikio na vidole vimejaa tena. Dawa ilifanya kazi kwa mbwa, ila banda halikuguswa. Kupe hao ndio waambukizaji wa magonjwa ya damu: mbwa anaacha kula, anapata homa, fizi zinapauka, wakati mwingine anatoka damu puani au mkojo unakuwa mwekundu. Ukiona hayo mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kwa dawa ya amitrazi ya asilimia 12.5, iliyo kwenye maduka mengi ya mifugo, kiasi cha mbwa ni mililita 2 kwa lita 1 ya maji. Pima kwa bomba la sindano, usipime kwa kifuniko cha chupa. Mlowanishe mbwa mzima kwa sponji, ukikwepa macho na mdomo, usimsuuze, na umzuie kujilamba mpaka akauke kivulini. Usiitumie kwa watoto chini ya miezi minne, kwa jike lenye mimba au linalonyonyesha, wala kwa mbwa mgonjwa, na paka asiiguse kabisa. Siku hiyohiyo choma matandiko, mwaga maji yanayochemka kwenye kila kiungo cha banda, liache likauke, kisha puliza mchanganyiko uleule ndani, chini ya sakafu na upande wa ndani wa paa. Mbwa asirudi mpaka pakauke kabisa. Rudia kila baada ya wiki mbili mara tatu, kwa sababu mayai hayafi na yanaendelea kuanguliwa kwa wiki kadhaa. Sasa fikiria kuifanya kazi hiyo kwenye banda ambalo paa lake limepigiliwa misumari.

Dawa za kunyunyizia mashamba ya tumbaku na pamba zisimkaribie mbwa hata kidogo. Baadhi yake zinaua kupe kweli, na mbwa pia: anatoka mate, anatetemeka, anakata pumzi. Vivyo hivyo mabua na majani ya tumbaku yasitumike kama matandiko ya kufukuzia viroboto. Nikotini ni sumu kwake.

Kwa hiyo paa. Agiza bawaba mbili imara upande wa nyuma na komeo mbele, au paa la kunyanyua zima lenye fremu inayokaa juu ya kuta kama mfuniko wa sanduku. Paa la kunyanyua lifungwe kwa ndoano pande mbili, la sivyo upepo wa mvua za kwanza utalipeleka kwa jirani. Bati la geji 28 linafaa kuliko la geji 30, ambalo linabonyea mbwa akipanda juu kuota jua, na mbwa wengi hupanda. Litokeze mbele kwa sentimita 20 na nyuma kwa 10. Kati ya ukuta na paa uachwe mwanya wa kupitisha hewa wa sentimita 3 upande wa juu, uliozibwa kwa wavu mgumu.

Fundi akikushauri kuweka dari ya plaiwudi chini ya bati ili kupunguza joto, mkatalie. Wazo si baya mahali pengine, lakini Tabora ni nchi ya nyuki. Uwazi mkavu wenye giza na tundu dogo ndicho kitu ambacho kundi la nyuki linalohama linatafuta, na mbwa aliyefungwa mnyororo chini ya mzinga hana pa kukimbilia. Joto la bati lipunguze kwa nje: tandika nyasi kavu juu yake unene wa kiganja, uzifunge kwa kamba, uzibadilishe kila mwaka kabla ya masika.

Sakafu inayopigiliwa ni kasoro ya tatu. Iwe ubao wa kuchomoa unaokaa juu ya papi mbili, na iinuliwe sentimita 15 kutoka ardhini. Miguu isimame juu ya tofali la kuchoma, na kati ya tofali na mguu weka kipande cha bati kilichokunjwa kingo chini. Mchwa hawaachi kupanda kwa sababu ya bati hilo, ila watalazimika kujenga njia yao ya udongo kwa nje ambapo utaiona na kuikwangua. Chini ya banda pafagiliwe kila siku, kwani kivuli chenye takataka kinaita panya, na panya wanaita swila. Jambo ambalo halivumiliki ni oili chafu. Karakana nyingi huipaka banda zima kama kinga ya mchwa. Mbwa analala juu yake, inamchubua ngozi, anailamba, na banda linanuka mwaka mzima. Kama ni lazima, ipakwe nyayo za miguu tu. Kuta za nje zinatoshwa na vanishi, ndani pasipakwe kitu.

Mahali pa kuliweka kuna faida ambayo wengi hawaitumii. Tabora iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua la mchana linapita upande wa kaskazini, wakati upepo mkavu wa kiangazi unatoka kusini-mashariki. Mlango ukitazama kaskazini, jua linaingia msimu wa baridi na upepo unapiga ukuta wa nyuma. Oktoba jua liko utosini na bati linawaka, kwa hiyo banda linahitaji kivuli cha mti. Mwembe ni mzuri, lakini weka banda pembeni mwa kivuli, si chini ya shina: maembe yanayooza yanaita inzi, na mchanga wa kivulini wenye mkojo ndiko anakotaga inzi wa funza wa ngozi. Funza hao huingia tumboni na miguuni mwa mbwa na kutengeneza majipu yenye tundu katikati. Paka vaselini nene juu ya tundu, subiri funza ajitokeze kutafuta hewa, kisha mbinye taratibu kwa pande mbili. Usimpasue ndani. Kinga yake ni matandiko makavu.

Matandiko bora yanapatikana hapohapo karakanani: maranda makubwa ya randa, si unga wa msumeno unaoingia puani. Kiangazi cha baridi weka unene wa sentimita 10, masika punguza yawe 5 na ubadilishe kila wiki. Gunia la mkonge linafaa Oktoba. Blanketi na matambara yaache, yanashika maji.

Maji ya kunywa yasikae kwenye beseni la plastiki juani. Mbwa wa kilo 20 anahitaji lita moja hivi kwa siku, na Oktoba mara mbili ya hapo. Akihema bila kukoma, ulimi mwekundu sana, miguu ikiyumba, mlowanishe kwa maji ya kawaida, mpepee, kisha mpeleke kwa daktari. Masika yakianza, siafu nao wanatembea: mbwa aliyefungwa na watoto wasioweza kutoka bandani ndio wanaouawa, hivyo mnyororo usiwe wa kukaa siku nzima usiku kucha. Mbwa wanaofuatana na warina asali porini wanaumwa na ndorobo. Wakirudi na homa na macho yenye ukungu, mtajie daktari kwamba walikuwa msituni.

Banda halichukui nafasi ya chanjo. Ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Ukiwa umempoteza mtoto wa mbwa kwa kuhara damu, kirusi chake hukaa miezi mingi kwenye udongo na mbao. Sugua banda kwa sabuni, kisha Jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 20, liache limelowa dakika 10, rudia, na usimwingize mwingine kabla hajakamilisha chanjo.

Kuna wanaolaza pipa la chuma kama banda. Ni rahisi kuoshwa na kupe hawana ufa, lakini Oktoba ni tanuri na Julai ni barafu. La matofali ni tulivu kwa joto na linafaa mwenye mbwa watatu au zaidi, mradi lipigwe lipu laini ndani mpaka kwenye kona.

Ukishaagiza la mbao, usimalizie malipo kabla hujafanya mambo mawili pale karakanani. Fungua paa na uchomoe sakafu kwa mkono wako, bila nyundo. Kisha funga, mwaga ndoo nzima ya maji juu ya bati na nyingine kwenye ukuta wa mlango, ukague ndani. Maji yakiingia kwenye matundu ya misumari, fundi aweke vipande vya mpira chini ya vichwa vyake. Yakiingia mlangoni, aongeze urefu wa bati mbele kabla halijapakiwa kwenye mkokoteni.