Koti la pikipiki kwa baridi na upepo: lipi la kununua kwanza

Asubuhi ya mwezi wa saba pale Uyole, Mbeya, utawaona madereva wa bodaboda wamevaa makoti mbele nyuma, zipu ikiwa mgongoni, mmoja akimfungia mwenzake. Wana sababu. Upepo unaingilia kwenye zipu, kwa hiyo wameipeleka nyuma ili kifua kipate kitambaa kizima. Nami nilivaa hivyohivyo misimu miwili nikipanda barabara ya Isyonje kuelekea Kitulo. Tangu hapo nimenunua makoti manne, na lililonipa joto kuliko yote halikuwa nene kuliko yote. Lilikuwa lile lililoziba upepo.

Hewa ikiwa nyuzi 10 nawe unakwenda kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kama vile ni nyuzi 5. Hewa ikishuka hadi nyuzi 5, mwili unahisi kama 2 chini ya sifuri. Kule Kitulo, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, asubuhi za Juni hadi Agosti majani huwa meupe kwa jalidi, na mwendesha pikipiki anaongeza upepo wake mwenyewe juu ya baridi hiyo. Sweta huleta joto kwa kushika hewa iliyotulia kati ya nyuzi. Upepo ukipenya, hewa ile inafagiliwa yote, hata uvae masweta matatu.

Kabla hujauliza bei, lipime koti. Weka mdomo kwenye kitambaa, puliza kwa nguvu, kiganja kikiwa upande wa pili. Ukisikia pumzi yako, lirudishe kwenye henga. Kisha vaa sweta utakalolivaa safarini, livae koti juu yake, kaa kwenye pikipiki na unyooshe mikono kana kwamba umeshika usukani. Hapo ndipo makoti mengi yanaposhindwa: mikono inapanda juu ya kifundo, mgongo unaachia kiuno. Funga zipu hadi kidevuni, geuza shingo kulia na kushoto. Kola ikikukaba utaifungua njiani, na ukiifungua umepoteza kila kitu.

1. Koti la pikipiki la kitambaa, lenye bitana ya kuvuliwa

Hili ndilo la kwanza kwangu, hata likiwa la mtumba. Nje ni nailoni au poliesta ngumu, kati kuna utando wa kuzuia upepo na maji, ndani kuna bitana nene inayofungwa kwa zipu. Asubuhi unapanda nayo Isyonje, mchana ukishuka Kyela unaitoa na kuiweka kwenye begi. Viwiko na mabega yana kinga. Zitoe mifukoni uzitazame: kinga ya kweli imechapishwa alama ya kiwango cha Ulaya, EN 1621-1, na ya mgongo EN 1621-2. Makoti mengi huuzwa yakiwa na kipande cha sponji tu mgongoni, nacho hakikulindi na chochote. Lebo ya koti lenyewe, kama ni la miaka ya karibuni, itaonyesha EN 17092, kiwango cha nguo za pikipiki, na daraja: AAA ndilo gumu zaidi, kisha AA, kisha A. Kwa safari za kila siku, A lenye kinga zake linatosha. Ukipata AA kwa bei unayoimudu, chukua.

Kwenye mtumba, geuza koti ndani nje. Utando ukiwa unabanduka kama magamba au unanata vidoleni, umekufa, na hakuna fundi wa kuufufua.

2. Koti la ngozi halisi

Upepo hauna njia kwenye ngozi nzuri, na ukianguka kwenye lami ni bora kuliko vitambaa vingi. Ila yenyewe haina joto: lazima sweta la sufu ndani. Ni nzito, na ikilowa mvua ya Tukuyu inachukua siku kadhaa kukauka kivulini, maana ukiianika juani inakakamaa. Angalia ukingo uliokatwa ndani ya mfuko au chini ya pindo. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizosokotana; ya bandia ina kitambaa kilichobandikwa plastiki. Niliuziwa ya bandia kwenye duka moja mjini, nikihakikishiwa ni ng'ombe mtupu. Kufika Desemba viwiko vilikuwa vinadondosha vipande vyeusi.

3. Koti la mtumba la theluji

Kama ningepanga kwa joto peke yake, hili lingekuwa juu kabisa. Wazungu wamelishonea kuteleza milimani, kwa hiyo kola ni ndefu, kiuno kina sketi ya ndani yenye lastiki, na vifundo vinabana kwa mkanda wa kunata. Sokoni Mwanjelwa, Mbeya, siku ya kufungua belo unaweza kulipata kwa bei ya sweta mbili. Nimelishusha kwa sababu moja: lami. Nailoni yake nyepesi ikisuguliwa inaisha mara moja na kuacha ngozi yako, na ndani hamna kinga yoyote. Kwa njia za vijijini na mwendo mdogo, nakuelewa ukilichagua. Kwa barabara kuu ya Tunduma, hapana. Na usichukue kubwa kuliko mwili. Linajaa upepo kama puto na kuvuta mabega safari nzima.

4. Koti la mvua juu ya sweta la sufu

Mwenye pesa kidogo aanzie hapa. Plastiki inaziba upepo kabisa, sufu inashika joto hata ikiwa na unyevu. Shida ni jasho, ambalo halina pa kutokea. Ukisimama dakika chache linapoa mwilini. Fulana ya pamba isikae kwenye ngozi, kwa sababu pamba ikilowa inabaki baridi.

5. Koti la jinzi na jaketi la kofia

Pumzi inapita moja kwa moja. Ni nguo za mjini.

Na kama unalo koti zuri ila zipu inavujisha, usinunue jingine. Mpelekee fundi cherehani akushonee ulimi wa turubai laini nyuma ya zipu, upana wa vidole vinne, kuanzia kiunoni hadi kwenye kola, upande mmoja tu ushonwe ili mwingine ulalie kifua. Upepo wenyewe unausukuma ujibane. Langu nimelifanyia hivyo, na sasa nalivaa zipu ikiwa mbele.