Wiki 16 za lishe na mazoezi kwa pamoja: uzoefu wangu

Nilijiunga na programu hii mapema Januari 2025, nikiwa na umri wa miaka 43, uzito wa kilo 94 kwa urefu wa sentimita 162, na sukari ya asubuhi kabla ya kula iliyosomeka milimoli 6.4 kwa lita. Daktari aliyenipima alinieleza kwamba sijawa mgonjwa wa kisukari, lakini niko ukingoni. Programu inaendeshwa na kituo kidogo cha mazoezi wilayani Temeke, Dar es Salaam, kwa ada ya shilingi 150,000 kila wiki nne, na ndani yake kuna vipindi vitatu vya mazoezi kwa wiki pamoja na kikao kimoja na mtaalamu wa lishe. Naandika tathmini hii kwa kuwa nilikwisha kujaribu mazoezi peke yake na chakula peke yake, na tofauti nimeiona mwilini mwangu.

Mwaka 2022 nilikwenda jimu kwa miezi mitatu bila kugusa chakula changu, nikapungua kilo moja na nusu. Mwaka uliofuata niliacha mazoezi nikashika mpango wa juisi na supu ya mboga. Kilo sita zilitoka kwa wiki tatu, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa zimerudi zote na nyingine mbili juu yake. Mtaalamu wa lishe alinieleza kwa nini ilikuwa hivyo. Mtu anayejinyima chakula bila kuishughulisha misuli hupoteza misuli pamoja na mafuta, na sehemu kubwa ya uzito unaotoka siku za mwanzo huwa ni maji tu. Naye anayefanya mazoezi bila kuangalia sahani yake anapambana na hesabu ngumu: saa moja ya kutembea kwa haraka, kwa mtu wa uzito niliokuwa nao, huunguza takribani kilokalori 300 hadi 400, ambazo chapati moja kubwa na soda vinaweza kuzirudisha zote kabla jasho halijakauka.

Kikao cha kwanza cha lishe sitakisahau. Kila mmoja wetu aliagizwa kuja na chupa yake ya mafuta ya kupikia. Mtaalamu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliweka sufuria tupu mezani akaniambia, “Dada, mimina kama unavyomimina nyumbani ukiunga mchicha.” Nikamimina kwa mkono wa mazoea. Akachukua kijiko cha chakula, akaanza kuyachota mafuta yale na kuyatia kwenye kikombe huku akihesabu kwa sauti, mpaka akafika saba. Kijiko kimoja kina kilokalori karibu 120, kwa hiyo mchicha wa watu wanne nyumbani kwangu ulikuwa ukibeba zaidi ya kilokalori 800 za mafuta pekee, nami miaka yote hiyo niliamini kwamba nakula mboga za majani. Tangu siku ile nyumbani tunapima vijiko viwili, na hakuna mtu mezani aliyelalamika.

Lengo tulilopewa lilikuwa kupunguza angalau asilimia 7 ya uzito na kufikisha dakika 150 za mazoezi kila wiki. Lengo hilo halikubuniwa na kituo. Ndilo lililotumika katika utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hali kama yangu. Waliofuata lishe na mazoezi kwa pamoja walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, ilhali waliopewa metformin, dawa ya kushusha sukari, walipunguza kwa asilimia 31. Kwangu asilimia 7 ilikuwa kilo sita na nusu hivi, kiasi ambacho hakikunitisha.

Jambo linalonifanya niisifu huduma hii kwa moyo wote ni daftari. Kila mshiriki ana daftari moja tu, anamoandika alichokula na mazoezi aliyofanya, na daftari hilo husomwa na mtaalamu wa lishe na mwalimu wa mazoezi pia. Wiki ya tano nilianza kuishiwa nguvu kila Jumatano, magoti yakitetemeka nikichuchumaa na dumu la lita tano la maji kifuani. Mwalimu hakunihimiza nijikaze; alifungua daftari, akaona kwamba siku za mazoezi nilikuwa nikiruka kifungua kinywa ili nipungue haraka, akampelekea mwenzake. Kesho yake niliandikiwa yai, kipande cha kiazi kitamu na chai isiyo na sukari, na kabla ya wiki mbili kupita nilihamia dumu la lita kumi.

Mfungo wa Ramadhani uliingia wiki ya tisa. Miaka yote mwezi huo nilikuwa nikinenepa, ingawa wengi hudhani kwamba mfungaji lazima apungue. Hapa walinishangaza kwa maandalizi yao. Matembezi yaliwekwa jioni, dakika 40 kwa mwendo wa wastani, ili tumalize karibu na adhana ya magharibi, na mazoezi ya nguvu yakahamishiwa usiku baada ya tarawehe. Futari haikuondolewa vyakula vyetu. Nilifuturu kwa tende tatu na maji, nikaswali, kisha nikala muhogo wa kuchemsha badala ya ule wa nazi nzito, samaki na kachumbari nyingi. Tambi na kaimati nikaviachia Ijumaa. Daku nilikatazwa kabisa kuiruka, na maharage ndiyo yaliyonishikilia hadi mchana. Mwezi ule nilipungua kilo moja na gramu mia moja, na misuli ya mapaja haikulegea.

Zipo kasoro, na sitazificha. Orodha ya vyakula tuliyopewa siku ya kwanza ilikuwa imenakiliwa kutoka ng'ambo, yenye samoni na brokoli ambavyo mtu wa kipato changu hanunui. Tulilalamika, na wiki ya tatu ikaja nyingine yenye dagaa, kunde, matembele na ugali wa dona usiozidi ngumi ya mlaji. Pia wiki ya kwanza sote tulirushwarushwa bila kuulizwa hali ya viungo, nikaumia goti nikapumzika siku sita. Lililoniudhi zaidi ni kukuta mapokezini mhudumu akiuza chai ya kupunguza tumbo kwa shilingi 25,000. Huwezi kumfundisha mtu kupima mafuta na kuhesabu dakika, kisha ukamuuzia njia ya mkato mlangoni anapotoka. Nililiandika hilo katika fomu ya maoni mara mbili. Chai iliondolewa mwezi wa mwisho.

Nilimaliza wiki 16 nikiwa na kilo 85.1. Tepu ya fundi cherehani iliyosoma sentimita 109 kiunoni ilisoma 98, na sukari ya asubuhi ikashuka hadi 5.5. Leo ni Novemba, sina mwalimu wala kikao, na mizani inasoma 86. Daftari naendelea kuliandika, madumu yangu yako uani, na Jumapili alfajiri nakimbia na kikundi cha jogging cha mtaani kwetu, kinachoimba toka mwanzo hadi mwisho wa safari.

Anayetaka kujiunga huku anatumia dawa za kushusha sukari aonane kwanza na daktari wake, kwa kuwa chakula kikipungua na mazoezi yakiongezeka huenda kipimo cha dawa kikahitaji kubadilishwa. Wiki ya pili mwenzetu mmoja alianza kutetemeka na kutokwa jasho la baridi katikati ya zoezi, akakalishwa chini na kupewa maji ya sukari mpaka akatulia. Baada ya siku ile kituo kilianza kudai barua ya daktari kwa kila anayetumia dawa hizo.